Bi Safi na Kifuniko cha Oili

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kunywa chai, Bi Safi alikuwa na kazi moja: kukagua injini ya gari la mama yake. Jina hilo la utani alibandikwa na kaka yake, kwa sababu alinawa mikono hata baada ya kushika kitasa cha mlango. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na duniani kote hakuna kitu kilichomtia kinyaa kama injini ile.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, limemzidi umri kwa mbali. Mama alikuwa amemfundisha vizuri: injini ikiwa imepoa, fungua kifuniko cha oili, kigeuze, tazama kama kina ufa, bonyeza mpira wa ndani uone kama bado ni laini, kisha kifute na ukirudishe hadi kikaze. Siku ya kwanza alipokigeuza alikuta utandu mzito wa rangi ya maziwa machafu, unaonata kama kamasi. Mama alimweleza kwamba ni unyevu uliochanganyika na oili. Bi Safi hakusikia hata neno, maana alikuwa ameshakimbilia bombani kunawa.

Tangu siku hiyo alijitungia ukaguzi wake mwenyewe. Alifungua boneti, akaziba pua, akahesabu hadi hamsini, akaifunga kwa kishindo ili Mama asikie.

"Kifuniko vipi?" Mama aliuliza kutoka jikoni.

"Kizima, Mama. Na mpira wake laini kabisa."

Alisema hivyo Jumamosi tano mfululizo, macho makavu. Ya sita pia alisema hivyo hivyo, ingawa siku hiyo Bibi alikuwa anapelekwa kupasuliwa jicho katika hospitali ya mji wa pili. Alitakiwa kufika saa nne. Nafasi hiyo aliisubiri miezi saba, na mgonjwa aliyechelewa alirudishwa mwisho wa foleni.

Hawakufika hata nusu ya safari. Harufu ya oili inayoungua iliingia garini, nzito, ya kukwaruza koo. Bibi aliziba pua kwa mtandio, lakini wapi! Alitoa kichwa dirishani akatapika. Bi Safi aliukunja uso, akajibanza upande wa pili wa kiti. Mama aliona moshi ukitoka chini ya boneti, akakata kona na kuingia kwenye gereji iliyokuwa kando ya barabara.

Fundi alifungua boneti, akaguna. Oili nyeusi ilikuwa imetapakaa kila mahali, ikichuruzika juu ya vumbi na wadudu waliokufa. Kifuniko kilikuwa kimelowa, na oili ilikuwa ikivuja pembeni mwake.

"Nani hukagua kifuniko hiki?" aliuliza.

"Binti yangu," Mama alijibu. "Hata leo amekikagua. Mpira ulikuwa mzima."

Fundi alitikisa kichwa. "Kama asubuhi ulikuwa mzima, basi injini imechoka ndani. Inasukuma oili kwa nguvu mpaka inapenya. Hapo lazima niifungue yote, mama. Mniachie gari mpaka Jumatano."

"Basi turudi nyumbani," alisema Bibi kwa sauti ndogo. "Nimeshazoea kusubiri."

Bi Safi aliitazama oili ile, akautazama mtandio wa Bibi uliochafuka, akajionea kinyaa mwenyewe. Alipiga moyo konde.

"Fundi, sikukikagua," alisema. "Leo sikukifungua. Wala Jumamosi iliyopita. Ni wiki sita sasa. Nilikuwa nasikia kinyaa, nikawa namdanganya Mama."

Mama aligeuka akamtazama usoni. Macho hayo yalimuuma kuliko kofi.

"Ungechelewa kidogo tu ningeanza kufungua injini ya watu," Fundi alisema. Alisubiri injini ipoe, akampa tambara. "Haya, kifungue wewe."

Kifuniko kiliteleza mkononi. Utandu ulimwingia kwenye kucha, lakini hakukiachia. Alipougusa mpira, ukamegeka vipande vipande, mkavu, mgumu.

"Huu umekufa siku nyingi," alisema Fundi, uso ukimkunjuka. Alitoa kifuniko kipya cha aina ile ile kwenye rafu. Bi Safi alifuta mdomo wa tundu polepole ili uchafu usitumbukie ndani. Fundi aliongeza oili iliyopungua na kusafisha iliyomwagika, kisha akamwacha Bi Safi akaze kifuniko. Walipowasha injini, hakikuvuja hata tone.

"Injini yenu haina ugonjwa," alisema Fundi. "Nendeni haraka."

Walifika zikiwa zimebaki dakika saba. Mlangoni, Bibi alimshika mjukuu wake mkono ule ule unaonuka oili.

"Kusikia kinyaa si kosa," alimwambia. "Hata mimi leo nimekisikia. Ungesema tu kwamba huwezi, mama yako angekusaidia au angemtafuta mwingine. Lakini ulisema umekagua, na sisi sote tukapanda gari kwa kuliamini neno lako. Fundi naye alitaka kuvunja injini nzima kwa kuliamini. Usimwachie mtu neno la uongo alitegemee, mjukuu wangu, maana hujui atalipeleka wapi."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Sasa ngoja niingie nikatengenezwe jicho, nikuone vizuri ukikagua Jumamosi ijayo."