Sare Iliyopendwa na Ndorobo

Baba yangu, Nikodemu, ni fundi cherehani. Tunaishi Kansay, wilayani Karatu. Miaka hiyo, asubuhi ya nyumbani kwetu ilianza kwa sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya cherehani. Ya pili ilikuwa ya Bibi Leonida, mama yake Baba, akigombana na cherehani.

"Hiyo mashine haijui kwamba wengine hatujafungua macho?" Bibi aliuliza kutoka chumbani.

"Mama, ni kazi," Baba alijibu.

"Basi ifanye kazi kwa adabu!"

Bibi alikuwa na zaidi ya miaka themanini. Maishani mwake alikuwa amepigwa picha moja tu, ile ya kitambulisho. Hakuipenda kabisa. Katika picha hiyo alionekana kama mtu aliyekamatwa akiwa na kuku wa jirani.

Siku moja aliitoa kwenye kitambaa chake, akaiweka mezani.

"Nikodemu, nikifa mtaweka hii juu ya jeneza?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema. Watu watadhani mnamzika mwizi. Nataka picha moja nzuri. Sote tuwemo. Na ipigwe Kakesio."

Kakesio ni mbali, upande wa pili wa hifadhi ya Ngorongoro. Huko wanaishi wafugaji. Marehemu Babu alikuwa akipeleka mahindi kwa mzee mmoja wa huko na kurudi na mbuzi. Wazee wote wawili walikuwa wamefariki, lakini Ngoitiko, mtoto wa yule mzee, aliendelea kuwa rafiki wa Baba. Bibi alikuwa ameyafunga mahindi yale kwenye magunia kwa miaka mingi. Hakuwahi kuona yalikokwenda.

Baba aliahidi. "Likizo ya Desemba, Mama. Tutakwenda sote."

Kwetu familia haiendi mahali pa maana bila sare. Kwenye harusi ni sare. Kwenye kipaimara ni sare. Kwa hiyo Baba alishona sare za safari. Alichagua kitambaa cha bluu iliyokolea, akaweka nyeusi kwenye kola na mikono. Alishona shati lake na la mjomba. Alishona gauni la Mama, la Bibi, langu mimi Clara, na la mdogo wangu Goodness, ambaye alikuwa na miaka sita.

"Kwa nini rangi hii?" Mama aliuliza.

"Njia ile ina vumbi, Monika. Hii haionyeshi uchafu. Mimi ni fundi, niachie."

Mama alimwachia. Yeye alinunua mafuta ya kujipaka ya kufukuza mbu, akafunga na vyandarua viwili. "Kwa wadudu tuko tayari," alisema. Alidhani wadudu wanaouma ni mbu tu, na kwamba wanakuja jioni tu. Sisi wote tulidhani hivyo.

Mjomba Vedasto, kaka yake Mama, alikuja kutuchukua. Yeye ni mtu wa Moshi, dereva wa watalii. Alikuja na Land Cruiser kuukuu yenye paa la kufunguka.

"Karibuni gemu draivu, waheshimiwa!" alisema. "Shemeji, na hiyo cherehani inakwenda kuangalia simba?"

Baba alikuwa amebeba cherehani yake ya mkono, pamoja na jora la kitambaa cha kaki. Shule zingefunguliwa Januari, na wazazi wa Kakesio walikuwa wameagiza sare za watoto.

"Kazi haiendi likizo," Baba alisema.

"Nilijua," Bibi alisema. "Nitaisikia mpaka huko."

Juu, kwenye ukingo wa kreta, kulikuwa na ukungu na baridi. Tulijifunika mablanketi. Tulipopita Endulen na kuteremka kuelekea Kakesio, joto lilianza. Mama alifungua madirisha. Mjomba akafungua paa. Upepo ukaingia, nasi tukaanza kuimba nyimbo za Krismasi.

Tulifika ubeti wa pili. Hatukufika wa tatu.

"Aaa!" Baba alipiga kelele. "Nani amenichoma sindano?"

"Fundi ni wewe," Mama alisema. Kisha naye akaruka. "Yesu wangu!"

Ndani ya gari waliingia inzi wakubwa kuliko inzi wa jikoni. Walikuwa na rangi ya kahawia. Walipotua, walikunja mabawa yao moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa. Waliuma juu ya nguo. Waliuma kupita nguo.

Goodness alimpiga mmoja kofi juu ya goti lake. Inzi alianguka, akajikung'uta, akaruka tena.

"Mama, huyu hafi!"

Mama alitoa mafuta ya mbu akatupaka mikono na shingo. Inzi waliendelea. Mjomba alimwona mmoja mgongoni kwa Baba, akampiga Baba kofi kubwa.

"Vedasto! Shika usukani!"

"Nakusaidia, shemeji!"

"Nisaidie kwa kuendesha!"

Mjomba aliongeza mwendo. Inzi walilifuata gari kama watoto wanaofuata gari la matangazo. Mama alikuwa amechoka. Mguu wa Goodness ulianza kuvimba.

"Geuza gari," Mama alisema. "Picha tutapiga Karatu, studio. Kuna hata pazia lenye maporomoko ya maji."

Gari likasimama. Sote tulimtazama Bibi. Alikuwa amejifunika blanketi lake la kijivu tangu kwenye ukingo wa kreta, kichwa na vyote. Macho peke yake ndiyo yalionekana.

"Mimi nimeumwa mara moja tu," alisema. "Nyie mnaruka kama bisi. Sirudi. Nikirudi leo, sitafika tena."

Tulijua anasema kweli. Mjomba akaendelea.

Karibu na maboma ya kwanza Baba alipaza sauti. "Simama! Simama hapo!"

Kando ya njia, kati ya miti miwili mifupi, kulikuwa na kipande cha kitambaa kimetundikwa kwa fimbo. Kilikuwa cha bluu iliyokolea. Pembeni kilikuwa na nyeusi.

Baba alishuka. Alikikamata kitambaa, akakisugua kwa vidole. Akatazama shati lake. Akatazama kitambaa.

"Huku kuna fundi," alisema kwa uchungu. "Ameiga mtindo wangu. Na mshono wenyewe mbaya!"

"Nikodemu! Usishike!"

Ngoitiko alikuwa anakuja mbio, fimbo begani. Alipotufikia alisimama. Alimtazama Baba kutoka kola hadi kiuno. Akamtazama Mjomba, kisha Mama na sisi watoto ndani ya gari. Halafu akakaa chini, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa shuka.

"Rafiki yangu," alisema mwishowe, "nani amekuambia uivalishe familia mtego?"

"Mtego gani?"

"Hao inzi ni ndorobo. Wengine huwaita mbung'o. Wanapenda bluu na nyeusi kuliko rangi nyingine. Basi sisi tunatundika kitambaa cha bluu na nyeusi, tumekipaka dawa. Ndorobo anakuja, anatua, anakufa. Bwana mifugo alitufundisha. Sasa wewe umeleta mitego sita, yote ina damu ndani!"

Mjomba Vedasto alianza kucheka. Baba alimtazama, naye akaacha. Kisha Baba mwenyewe akacheka.

"Nawa mikono kwa sabuni," Ngoitiko alimwambia. "Hiyo dawa si ya kuchezea. Halafu fungeni madirisha na paa. Ndorobo anafuata kitu kinachokwenda, hasa gari. Muwaue walio ndani kwanza, kabla hatujaondoka."

"Hawafi," Goodness alisema.

"Kofi halimtoshi, mwanangu. Mbane kwa kitambaa, umponde."

Tuliwaponda tisa. Goodness alihesabu kwa sauti.

Bomani, Ngoitiko alimsalimu Bibi kwa heshima, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," Bibi alijibu. Babu alikuwa amemfundisha neno hilo moja. Alikuwa amelitunza miaka yote hiyo.

Mama aliuliza swali lililokuwa likimsumbua. "Baba Meitamei, hawa wadudu wana ugonjwa?" Meitamei ni mtoto wa kwanza wa Ngoitiko.

"Wengi hawana. Wachache wanao. Ng'ombe wanapata nagana, wanakonda. Binadamu anaweza kupata malale. Kwa hiyo usiogope, lakini usisahau. Kama sehemu ya kuumwa itageuka kidonda, au mtu akipata homa, kichwa kikamuuma, shingo ikavimba tezi, nendeni hospitali mapema. Hata kama ni baada ya wiki kadhaa. Na mwambieni daktari, tuliumwa na ndorobo. Msiposema, atafikiri ni malaria tu."

"Na mafuta yangu ya mbu?"

"Jipakeni jioni, mbu wapo. Vyandarua tumieni usiku. Lakini ndorobo anauma mchana, na mafuta hayo hayamsumbui sana. Yeye mzuie kwa nguo. Nguo nzito, ya mikono mirefu, yenye rangi ya udongo au majani makavu. Mtazameni yeyo. Blanketi la kijivu. Ndiyo maana wamemwacha."

Bibi alijisogeza vizuri ndani ya blanketi lake, akatuangalia mmoja mmoja.

Lakini Baba alikuwa akitazama shati lake. "Na picha?" alisema. "Nilimwahidi Mama picha ya sare. Hatuwezi kusimama nje na nguo hizi."

Bibi alinyoosha kidole kuelekea garini.

"Ile kaki yako ni rangi gani?"

Baba alikwenda garini akaleta jora na cherehani.

Alishona mchana ule wote ndani ya nyumba ya Ngoitiko, na kesho yake kutwa. Mimi nilizungusha mkono wa cherehani. Mama alipiga pindo. Bibi alikaa mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakuigombeza ile mashine. Mara moja tu alisema, "Nikodemu, mbona unachelewa? Ongeza mwendo!"

Siku ya tatu tulitoka nje, sote tumevaa kaki ya shule, mikono mirefu. Gauni la Bibi lilikuwa na mifuko miwili na kola, kama la mwanafunzi. Bibi hakusoma hata siku moja. Alijitazama, akapapasa mifuko.

"Leo nimeanza darasa la kwanza," alisema. "Mwalimu yuko wapi?"

"Mimi hapa, yeyo," Ngoitiko alisema. Alikuwa ameshika simu ya Mjomba. "Simameni mstari. Fundi, acha kumrekebisha mtoto kola. Moja, mbili..."

Picha ilitoka. Bibi anacheka, meno yake matatu yote yanaonekana. Hakuna ndorobo hata mmoja.

Zile sare za bluu hatukurudi nazo. Baba alizifumua, akazikata vipande, akavipiga pindo vizuri, Bibi akimsimamia. Bwana mifugo alivichovya dawa, vikatundikwa njiani. Baba alifurahi kwamba sasa Kakesio ina mitego yenye mshono wa maana. Sare za watoto alizishona kwa jora lingine la kaki, akazituma kabla shule hazijafunguliwa. Nasi tangu siku hiyo, tukisafiri upande wa joto, tunavaa rangi ya udongo, na Mjomba hafungui paa. Huwaambia watalii wake pia. Wengine hubadilisha nguo hapohapo, nyuma ya gari.

Wiki mbili baada ya kurudi, Baba alipata homa. Alikwenda hospitali siku ileile, akamwambia daktari kuhusu ndorobo. Walimpima damu. Ilikuwa malaria, akatibiwa, akapona.

"Usiku wa pili alikaa bila chandarua," Mama alimwambia daktari. "Alisema kinamziba asishone."

Bibi alifariki mwaka juzi. Picha iliyowekwa juu ya jeneza ni ile ya Kakesio. Watu walipita, wakaitazama, na wengi walitabasamu kabla ya kulia. Mzee mmoja aliniuliza marehemu alikuwa mwalimu wa shule gani.

Ngoitiko alikuja msibani. Alikaa karibu na Baba. Kisha akasema, "Gauni la yeyo la bluu limepauka. Nimelichovya dawa tena juzi. Bado liko kazini."

Baba alifuta macho. "Mshono umeachia?"

"Haujaachia hata kidogo."

"Nilijua," Baba alisema. "Alinisimamia mwenyewe."