Kitabu cha Mwito

Wakio, rafiki yangu anayefunza Kifaransa huko Wundanyi, si mtu wa porojo. Hata harusi huisimulia kwa maneno mawili. Haya nayasema kama alivyonisimulia.

Jirani yake Alexander alimletea kitabu kilichotoka kwenye sanduku la marehemu babake. Kiliandikwa na Mfaransa wa kale, bingwa wa mambo ya kuita roho.

“Mwalimu, nisomee nijue kama ni cha kuchoma. Mzee tangu akipate hakuitika tena akiitwa, hata na mama. Tulidhani ni uziwi.”

Alasiri hiyo ukungu ulishuka mpaka madirishani, na stima ikapotea. Wakio alikuwa amefika ukurasa wa mwito: mstari mmoja, na chini yake nafasi tupu. Akausoma kwa sauti ili aushike vizuri. Manyunyu yaliyokuwa yakigonga mabati yakanyamaza ghafla. Sauti ya mamake ikaita kutoka jikoni, “Wakio!”

“Abee!” akaitika, kama alivyolelewa.

Ndipo akakumbuka kwamba mamake alishuka sokoni Mwatate tangu asubuhi.

Stima iliporudi, alikiinamia kitabu. Chini ya mwito, pale palipokuwa patupu, palikuwa na neno moja la chapa, wino wake umefifia sawa na wa ukurasa mzima: Abee.