Abiria Asiye Wangu

Shangazi yangu ni dereva wa maabara. Kazi yake ni kuzunguka zahanati, kukusanya vipimo vya damu, kuvipanga kwenye sanduku la barafu na kuvifikisha kabla havijaharibika. Miaka ishirini na miwili barabarani hajawahi kuandikiwa kosa hata moja. Hata hilo sanduku hulifunga mkanda kwenye kiti cha nyuma, na ukimcheka anakujibu, "Lina damu za watu. Wewe una nini?" Wenzake wamempachika jina la Breki. Ninayoyasimulia yalimpata yeye, na mimi nilikuwepo.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, jua linawaka, shangazi anakunywa chai akiwa amesimama jikoni kama kawaida yake. Simu ikalia. Ujumbe kutoka kitengo cha usalama barabarani: abiria wa mbele hajafunga mkanda, kona ya kiwanda cha rangi, jana saa nne na dakika kumi asubuhi.

"Abiria gani?" akanikazia macho kana kwamba nimemficha chumbani. "Mimi natembea peke yangu!"

Tukafungua picha. Shangazi yuko kwenye usukani, mikono yote miwili, uso mkavu. Kando yake ameketi mtu. Ovaroli ya kijivu, mfuko wa kifuani umechanika, kichwa ameinamisha.

Shangazi hukasirika kabla ya kuogopa, ndivyo alivyoumbwa. Mchana uleule tulikuwa dirisha la tatu la kitengo hicho, mbele ya karani mwenye miwani minene.

"Mama, kamera haina sababu ya kukusingizia," alisema, akasukuma fomu.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Ukikiri na kulipa, kosa linafutwa. Ukikataa, linabaki kwenye kumbukumbu, na yakifika matatu leseni inachukuliwa. Shangazi aliisoma fomu mstari kwa mstari huku foleni ikiguna nyuma yetu. Juu ya nafasi ya sahihi paliandikwa: Nakiri kwamba abiria huyu ni wangu.

"Si wangu," akasema, akairudisha.

"Ni maneno tu, mama. Wote wanasaini."

"Basi mimi si wote."

Wiki iliyofuata ukaja ujumbe wa pili. Hakuwa na njia ya kuikwepa kona ile. Zahanati mbili ziko ng'ambo yake na barabara ni moja. Saa ileile, ovaroli ileile. Ila safari hii kichwa hakikuinama. Kilikuwa kimemgeukia shangazi.

Karani alipotuona alichungulia kushoto na kulia, kisha akatugeuzia kompyuta yake. Lori la kokoto. Teksi. Gari la mikate. Madereva tofauti, na kwenye kila kiti cha mbele mtu yuleyule mwenye mfuko uliochanika.

"Hawa wote walikiri," alinong'ona. "Saini tu, mama, yaishe."

"Sasa wako wapi?"

Karani alivua miwani akaanza kuifuta.

Dereva wa mikate tulimjua, anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Alikuwa mtu wa mzaha, akikuona mbali anakupigia honi na kukuita mchumba, hata uwe bibi kizee. Tulimkuta sebuleni, mapazia yamefungwa saa nane mchana. Kochi lilikuwa la watu watatu, lakini yeye alijibana ukingoni. Nikataka kukaa pale palipobaki. Akanidaka mkono.

"Hapo pana mtu," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akamtazama shangazi. "Nilisaini haraka niwahi kazini. Sikuisoma."

Mkewe alitusindikiza hadi mlangoni. Alituambia kwamba yeye siku hizi analala chumba cha watoto.

"Kitandani hatutoshi," alisema.

Ndani ya gari nilimsihi shangazi aache kazi. Niliogopa, sioni haya kusema. Alinitazama kwenye kioo.

"Wewe umesoma kwa usukani huu. Leseni hii nimeipata kwa jasho langu, siiachi kwa ajili ya mtu ambaye hata hajaniamkia."

Jumatatu nilikwenda naye. Nilikaa nyuma na sanduku la barafu, sote wawili tumefungwa mikanda. Saa nne na dakika tano aliegesha kando ya barabara, nguzo ya kamera ikionekana mbele yetu. Dakika saba. Dakika nane. Ikaja harufu ya rangi mbichi. Kiti cha mbele kikalia. Kikabonyea. Hakuna mtu. Nikalikumbatia sanduku la barafu.

Shangazi aligeuka taratibu. Sauti yake haikutetemeka.

"Sikujui. Wewe si wangu, na sisaini. Lakini gari hili naliendesha mimi, na humu kila mtu anafunga mkanda. Funga."

Mkanda haukusogea.

"Nimesema funga."

Mkanda ukavutika. Polepole. Ukapita hewani, ukajipinda kwenye kifua kisichokuwepo. Ukabana.

Klik.

Shangazi akaingiza gia. Tukapita chini ya kamera kwa mwendo wa kawaida kabisa.

Ujumbe wa tatu haukuja. Tulirudi dirisha la tatu kuhakikisha, na karani akaitafuta picha ya siku ile. Mtu wa ovaroli alikuwa ameketi wima, mkanda umemkaa sawasawa, mikono magotini kama mtoto aliyekaripiwa.

"Hakuna kosa," karani alinong'ona.

Shangazi aliiomba ile fomu, akaichana vipande vinne mbele yake, akavitia kwenye mkoba na kumtakia kazi njema.

Leseni anayo mpaka leo. Mkanda wa kiti cha mbele haufunguki. Fundi amebonyeza kitufe hadi akakata tamaa. Umetuna kwa kipimo cha mtu mwembamba, na ukiukodolea macho unauona unapanda na kushuka. Shangazi hababaiki. Jioni huzima injini, hukiambia kiti kile, "Wewe mwisho wako hapa," hufunga milango na kuingia nyumbani peke yake. Hajawahi kufuatwa.

Mimi akinipa lifti hukaa nyuma. Juzi aliingia dukani kununua betri, nami nikabaki garini nikichezea simu. Nilikuwa nimesahau kufunga mkanda. Nikausikia ukivutika begani mwangu, polepole, ukanipita kifuani, ukabana.

Klik.

Shangazi alikuwa bado yuko kwenye foleni ya kulipa. Na garini kulikuwa kunanuka rangi mbichi.