Aliyezima Taa Saa Nne Asubuhi

Kabati lilivunjwa kwa kisu cha siagi. Kisu chenyewe kiliachwa sakafuni, kimepinda, na kompyuta iliyokuwa mezani haikuguswa.

Inspekta Lorna Petrak aliizunguka mara mbili ofisi ile ndogo ya ukumbi wa maveterani. Ilikuwa Jumapili ya kifungua kinywa cha pamoja, na kutoka ukumbini ilikuja harufu ya chapati za maji zilizoungua.

Nadine Oyler, karani anayewaandikia askari wa zamani rufaa zao za fidia, alisema kati ya majalada sitini limeibwa moja tu, la Darrell Tolliver. Ndani mlikuwa na daftari la miaka miwili, ambamo Darrell aliandika kila siku aliyoangushwa na maumivu ya kichwa, akatapika, akalala gizani. Mlikuwa pia na barua ya shahidi iliyofungwa kwa gundi, ambayo Nadine hakuifungua.

"Rufaa inasikilizwa lini?"

"Keshokutwa, Jumanne. Akishindwa hii, Afande, basi tena."

Kisa chenyewe kila mtu pale mjini alikijua. Siku ya kuondoka vitani, kila askari alijaza fomu ya afya. Darrell anaapa kwamba alipoulizwa kama anaumwa kichwa aliweka alama kwenye Ndiyo. Fomu iliyomo serikalini ina Hapana. Kwa miaka kumi na saba amekuwa akiitwa mwongo kwa lugha ya adabu.

"Hukutoa nakala?"

"Mashine iliharibika Alhamisi. Jalada nililetewa jana."

"Na taa ulizima wewe?"

Nadine alikunja uso. Aliziacha zinawaka, akasema, na pazia lilikuwa wazi. Aliporudi saa nne alikuta giza, pazia limefungwa.

Sasa, mwizi gani huyo anayetafuta jalada moja kati ya sitini halafu anajizimia taa? Mpelelezi mwingine angecheka. Petrak hakucheka, kwa sababu alijua. Zile taa ndefu za darini, kichwa kikishaanza kugonga, huingia machoni kama misumari. Yeye mwenyewe alitumikia jeshi miaka sita, na kituoni hufunga pazia akiwaambia wenzake kwamba jua linamsumbua kwenye kompyuta. Alisimama pale akiwa ameshika kamba ya pazia, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Alianza na Darrell, maana wa kwanza kushukiwa ni mwenye maumivu. Mkewe alieleza kwamba Darrell hajainuka tangu alfajiri, na mchungaji wao, aliyekwenda kumjulia hali saa nne ileile, alithibitisha. Basi kulikuwa na kichwa kingine kinachouma, na mwenyewe hakisemi.

Ukumbini aliwauliza waliokula. Wote walilalamikia jambo moja: chapati zimeungua, na haijawahi kutokea kwa miaka kumi na moja. Mpishi alitoweka robo saa nzima. Mpishi alikuwa Earl Vandiver, sajenti wa Darrell kule vitani, mzee aliyezoea kuwatania vijana kwamba kichwa ni ugonjwa wa wavivu.

Petrak alimkuta jikoni, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, ameupa mgongo mwanga wa dirisha.

"Sajenti, umeanza lini kuumwa kichwa?"

"Mimi? Siumwi kitu mimi."

"Kwa nini ulizima taa kule ofisini?"

Earl alifuta meza iliyokuwa safi tayari. Akaifuta tena.

"Umejuaje?" aliuliza mwishowe.

"Na mimi huzima."

Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza, kisha akaenda kwenye pipa la unga, akazamisha mkono hadi kiwiko na kulitoa jalada. Alilipangusa kwa aproni, taratibu.

"Ile barua nimeandika mimi," alisema. "Bomu lilitupiga wote wawili. Siku ya kuondoka, Darrell aliweka Ndiyo, macho yangu yanaona. Daktari wa kambi alisema Ndiyo moja ingetubakiza sote wiki mbili tuchunguzwe. Mke wangu alikuwa katika siku za kujifungua. Nikaichana fomu yake. Nikajaza nyingine, nikaweka Hapana, nikatia sahihi yake."

"Na yako?"

"Hapana vilevile. Sijawahi kuibadilisha."

Kila Jumapili, akasema, humwekea Darrell chapati mbili za ziada. Barua aliiandika kwa machozi, akidhani itasomwa na jaji tu. Jana akaambiwa itasomwa kwa sauti, Darrell ameketi palepale. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Earl alikuwa ameficha maradhi ya watu wawili.

Petrak alikuwa na pingu kiunoni. Hakuzitoa kwanza.

"Utamwambia mwenyewe," alisema. "Sasa hivi."

Chumba cha Darrell kilikuwa giza, taulo bichi machoni pake. Earl alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema yote bila kubakiza. Petrak alibaki sebuleni, akiutazama ukuta.



"Nilikubali, Sajenti," sauti ya Darrell ilisema, chini sana. "Mwaka jana nilimwambia mke wangu, labda wanasema kweli. Labda niliweka Hapana na kichwa hiki kimenisahaulisha. Nilimwomba radhi kwa kumdanganya. Nilipiga magoti."

Earl alilia. Darrell hakumnyamazisha.

"Jumanne saa tatu," alisema. "Utaisoma mwenyewe. Taa zikiwa zinawaka."

Petrak alimpeleka mzee kituoni, akaandika maelezo yake, akamsainisha. Chini ya karatasi zile ilikuwepo fomu ya Petrak mwenyewe ya afya ya mwaka, tayari imejazwa. Swali la tisa liliuliza kuhusu kichwa. Aliutazama mwandiko wake kwenye Hapana, safi, umenyooka, na Earl ameketi mbele yake akimwona.