Picha za Harusi ya Mvua

Kila Jumapili asubuhi Pilipili alikuwa na kazi moja nyumbani: kuchaji betri za kamera. Alizipanga mezani, akazichomeka mbili mbili, akangoja taa nyekundu igeuke kijani. Baba yake alikuwa mpiga picha wa harusi. Hakuwa na studio wala bango. Ofisi yake ilikuwa kona ya sebule nyuma ya pazia, penye kompyuta moja, kamera moja iliyochakaa kwenye pembe, na begi ambalo mama alikuwa amelishona zipu mara mbili.

Pilipili halikuwa jina lake la shuleni. Bibi yake alimwita hivyo tangu akiwa mdogo kwa sababu ya ulimi wake, na akiwa na miaka kumi na miwili jina lilikuwa bado linamfaa.

"Ngoja kidogo," baba alisema kila mama alipomwita kunywa chai. "Nihakikishe kwanza."

Alikuwa anahakikisha kwamba picha za jana ziko mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ndogo, na kwenye diski nyingine iliyokaa kabatini, ndani ya soksi. Sababu yake ilijulikana na watu wa nyumbani tu. Miaka mitatu iliyopita alikwenda mji wa mbali kupiga picha za harusi. Mvua ilinyesha kutwa nzima, na bibi harusi alipofika mlangoni mwa ukumbi, kisigino cha kiatu kikakatika, akavivua vyote viwili akaingia pekupeku huku akicheka. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Lakini jioni ile kadi ya kamera iliharibika, na harusi nzima ikapotea nayo. Kwa wiki mbili baba alizunguka kwa wageni akiomba picha walizopiga kwa simu zao, ili wale maharusi wasikose kabisa. Tangu siku hiyo halali bila kuhakikisha.

Shuleni Pilipili alikaa dawati moja na msichana mrefu ambaye wote walimwita Ngongoti. Walikuwa marafiki, mpaka Pilipili alipopita mbele ya studio ya baba yake Ngongoti.

Familia ile ilikuwa imehamia mjini mwaka mmoja tu. Baba Ngongoti naye alikuwa mpiga picha za harusi, ila studio yake ilikuwa na mlango wa kioo. Ndani mlisimama taa ndefu zenye miavuli myeupe. Siku za kazi alivaa kamera mbili, moja kila ubavu, na droni yake iliruka juu ya ukumbi ikivuma kama nyuki, watoto wakiikimbilia chini. Pilipili aliitazama akaikumbuka kamera ya baba yake yenye pembe zilizochubuka. Akaondoka pale haraka, wivu umemshika.

Baya zaidi, Ngongoti hakuwa na maringo. Laiti angekuwa anajigamba, Pilipili angemchukia kwa raha zake. Lakini Ngongoti alimgawia kalamu, akamwazima rula, akamsubiri getini. Na kila alipotabasamu, Pilipili aliona kama anachekwa.

Siku moja mwalimu wa hesabu aliingia darasani na uso wa furaha. Wote walijua kwamba ataolewa mwezi ujao.

"Ngongoti," alisema, "mwambie baba yako nitapita Jumamosi. Tumependa kazi yake, yeye ndiye atakayetupiga picha."

Darasa zima liligeuka kumtazama Ngongoti. Pilipili alitazama daftari lake. Mwalimu alijua fika baba yake Pilipili anafanya kazi gani, lakini hata kumfikiria hakumfikiria. Kipindi kizima Pilipili hakusikia neno. Hesabu kumi alikosa saba.

Mchana alipewa madaftari ayapeleke ofisini. Mwalimu alikuwa peke yake.

"Samahani, Mwalimu," Pilipili alisema, akichelewa kuondoka. "Sipendi kubeba maneno ya watu."

"Maneno gani?"

"Ya Baba Ngongoti. Wanasema kabla ya kuhamia hapa alipoteza picha za harusi nzima. Ilikuwa siku ya mvua. Bibi harusi alikatikiwa kisigino akaingia ukumbini pekupeku. Hakupata hata picha moja."

Alijua kwamba uongo mtupu hausimami, kwa hiyo akauvika nguo za kweli. Ulisimama vizuri mno. Mwalimu aliweka kalamu chini.

"Mama yangu ni mgonjwa," alisema polepole, kama anayejisemea. "Madaktari wamemruhusu atoke siku hiyo moja tu. Sijui kama nitapata tena nafasi ya kupiga naye picha."

Pilipili alitoka ofisini. Alikuwa na nafasi ya kurudi na kusema, "Mwalimu, nimekosea." Alisimama kwenye korido, akahesabu madirisha, kisha akaenda zake.

Baada ya siku tatu mwalimu alimpigia baba simu. Baba alipokata simu aliingia jikoni akicheka.

"Mama Pilipili, nimepata harusi ya mwalimu wa huyu mtoto."

Pilipili alifurahi siku mbili. Siku ya tatu mama, aliyekuwa msusi saluni, alirudi na habari. "Mmesikia? Eti yule mwenye studio ya kioo alipoteza picha za harusi. Wengine wanasema tatu. Mabibi harusi wawili waliokuja kusuka leo wameshamwacha."

"Haiwezekani," baba alisema. "Yule bwana nimemwona kazini. Ni mwangalifu kuliko mimi."

Pilipili aliinamia sahani. Yeye alimwambia mtu mmoja tu. Nani aliongeza harusi mbili?

Kesho yake Ngongoti hakufungua daftari. "Pilipili," alinong'ona, "kwenu wamesikia wanachosema juu ya baba? Hajawahi kupoteza picha hata moja. Jana hakula. Anakaa tu anafuta lenzi zilizokwisha kufutwa."

"Watu wana maneno," Pilipili alijibu. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka shwari. Na chini ya hofu yake, kwa aibu kubwa, kulikuwa na sehemu ndogo ya moyo iliyofurahi kusikia kwamba lenzi zile zimekaa bure.

Jumamosi mchana mwalimu alikuja nyumbani na orodha ya ndugu wa kupigwa picha pamoja. Baba alikaa naye mezani, kalamu mkononi, akiuliza nani ni shangazi, nani ni mama mkubwa, nani hapatani na nani ili asiwasimamishe bega kwa bega. Pilipili alileta chai.

"Nashukuru umekubali," mwalimu alisema. "Kwanza nilikuwa nimekwenda kwa yule mwingine. Nikasikia habari ikanitisha. Maskini yule bibi harusi, mvua inamnyeshea, kisigino kimekatika, anaingia ukumbini pekupeku, halafu picha zote zinapotea."

Kalamu ya baba ilisimama.

"Kisigino cha mguu wa kushoto," alisema.

"Kumbe nawe umesikia?"

"Nilikuwepo." Baba aliifunika kalamu taratibu. "Mwalimu, harusi hiyo ni ya kweli. Ila aliyepoteza picha ni mimi. Yule bwana hahusiki hata kidogo."

Mwalimu alimgeukia Pilipili. Baba hakugeuka, na hilo ndilo lililomuumiza Pilipili zaidi. Aliweka trei mezani.

"Mimi ndiye niliyemwambia Mwalimu," alisema. "Nilidanganya."

Kisha mwalimu akatoa simu, akampigia Baba Ngongoti hapo hapo, akamwomba radhi, akamuuliza kama bado anaweza. Haikuwezekana. Baada ya kuachwa, Baba Ngongoti alikuwa ameshakubali harusi nyingine ya siku ile ile, katika kijiji cha mbali.

"Naogopa," mwalimu alimwambia baba baada ya kukata simu.

"Nami naogopa," baba alijibu. "Naogopa kila Jumamosi. Ndiyo maana siku hizi nabadilisha kadi kila baada ya saa moja, na ile iliyotoka haikai kwenye begi, inakaa kwenye mfuko wa shati uliofungwa kifungo. Ukitaka kutafuta mwingine, sitakulaumu."

Mwalimu alimtazama, kisha akaisukuma ile orodha mbele yake. "Tulikuwa tumefika kwa shangazi," alisema.

Alipoondoka, Pilipili alisubiri kugombezwa. Baba hakupaza sauti.

"Ulichukua aibu yangu ukamvisha mtu mwingine," alisema.

"Nilitaka upate kazi, baba."

"Ulitaka mimi nipate, au yeye akose?"

Pilipili alikwenda mlangoni akavaa viatu.

Siku ile ile walikwenda kwenye ile studio. Baba Ngongoti alikuwa nyuma ya meza, na Ngongoti alikuwa anafagia. Pilipili alisema yote, tangu neno la kwanza ofisini mpaka "watu wana maneno". Ngongoti aliacha fagio likaanguka, akatoka nje bila kumtazama.

Baba Ngongoti akauliza, "Uliwaambia wangapi?"

"Mmoja."

"Na sasa wanajua wangapi?"

"Sijui."

"Basi anza na unaowajua."

Pilipili alianza Jumatatu. Alisimama ofisini mbele ya walimu wote, akasimama darasani, kisha akaenda saluni. Saluni ndiko kulikokuwa kugumu. Wanawake walikuwa sita, wengine vichwa vimesukwa nusu, na mama yake alikuwa amesimama ameshika kitana. Pilipili aliwaambia kwamba Baba Ngongoti hajapoteza picha yoyote, na kwamba harusi ya mvua ilikuwa ya baba yake mwenyewe.

"Kumbe ni kwenu," mmoja alisema, na wengine wakacheka. "Na mdogo wangu alikuwa ameshaongea na baba yako. Itabidi afikirie upya."

Alifikiria, akaenda kwa mwingine. Pilipili alipomweleza baba huku akilia, baba alisema, "Sawa," akaendelea kufuta kamera yake. Bibi harusi mmoja kati ya wale wawili alirudi kwa Baba Ngongoti. Wa pili hakurudi. Ngongoti naye alikuwa amehamia dawati la nyuma, na kwa wiki tatu Pilipili alikaa peke yake. Alijua sasa kwamba maji yakishamwagika unaweza kupiga deki mpaka mikono ikauma, na bado mahali pengine pakabaki unyevu.

Harusi ya mwalimu ilipita salama. Kadi zilibadilishwa kila saa, picha zikawekwa mahali patatu.

Jumapili ya wiki iliyofuata mlango uligongwa. Alikuwa Baba Ngongoti, na nyuma yake alikuwa Ngongoti, amekunja mikono.

"Nimesikia mwalimu anazisifu picha zako mji mzima," alimwambia baba. "Nimekuja kuziona. Sikuweza kuvumilia."

Baba alivuta kiti nyuma ya pazia. Picha zikapita moja moja kwenye kompyuta. Ilipofika ya mama yake mwalimu, Baba Ngongoti aliinua mkono ili ibaki. Mzee yule alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, amekonda, na alikuwa anacheka mpaka macho yamefumba, mkono wake umelishika shavu la binti yake.

"Ulimfanyaje akacheka hivi?" aliuliza.

"Nilimuuliza huyu mwalimu wetu alikuwa anapata ngapi kwenye hesabu akiwa mtoto. Akaniambia sifuri."

Baba Ngongoti alitikisa kichwa. "Watu wangu mimi husimama kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Mwaka mzima nimekuwa nikiziona picha zako kwenye nyumba za watu, na kila nikiziona moyo unaniwaka. Hujui hilo."

"Wewe?" baba alishangaa. "Wewe mwenye droni?"

"Hiyo droni niliinunua kwa wivu juu yako."

Baba alicheka. Pilipili hakuweza kucheka. Alikuwa amesimama na betri mkononi, akimtazama mtu yule kama anamwona mara ya kwanza. Baba Ngongoti alimgeukia.

"Binti yangu, usifikiri siku moja utaamka huna wivu. Mimi nina miaka arobaini na sita na ninao, ndio ulionitoa leo nyumbani kwangu. Wivu ukikujia, utakuonyesha kitu unachokipenda kwa mwenzako. Hapo ndipo pa kuchagua. Unaweza kwenda kwake ukajifunza, au ukarudi kwako ukafanya bidii. Lakini ukiutumia kumchafulia mwenzako jina, utamkosesha yeye na wewe hutapata, na wa kwenu wataumia pamoja na wewe. Umeyaona mwenyewe."

"Nimeyaona," Pilipili alisema.

"Haya. Sasa nyie watoto tupisheni, nataka nimuulize huyu bwana alisimama wapi alipopiga hii."

Pilipili na Ngongoti walitoka sebuleni, wakakaa kwenye ngazi ya mlango. Ndani, baba zao walikuwa wanabishana juu ya mwanga wa dirisha.

"Sijasahau," Ngongoti alisema mwishowe.

"Najua."

"Ila kule nyuma sioni ubao. Yule wa mbele yangu ana kichwa kikubwa."

"Dawati letu lina nafasi," Pilipili alisema.

Ngongoti alifikiri kwanza. "Kesho," alisema, "nitaleta mkoba wangu."