Uzi wa Nta Kwenye Mti wa Bango

Fundi viatu alilala chali katika chumba cha maiti, miguu peku, viatu vyake vimepangwa chini ya meza kana kwamba angeamka avivae.

"Hili ni pigo la kirungu," daktari alisema. "Jiwe halipasui kichwa kwa mstari ulionyooka hivi."

Inspekta aliinua mikono ya marehemu. Kila kifundo kilizungukwa na alama nyembamba, nyekundu.

Ripoti ya sajini ilisema mengine: kwenye maandamano ya mafundi viatu, mdogo wa marehemu alirusha jiwe, likampata kaka yake. Sasa alikuwa mahabusu kwa mauaji. Mama yao alikaa kwenye benchi la kituo, amepakata shati safi.

"Mmoja nikamzike, mwingine mninyongee?" alimuuliza Inspekta.

Inspekta alimwita sajini, pamoja na mwanaanthropolojia aliyehamia kwa mafundi viatu kuchunguza maisha yao. Kwa maswali yake walimbandika jina, Mama Kwanini.

"Mtafiti gani anaandamana?" sajini alicheka.

"Nilikuja kutazama, afande. Wakanipa sindano, nikashona. Siku ile wakanipa kazi ya kuwafunga."

"Kuwafunga nini?" Inspekta aliuliza.

"Mikono. Askari hunyang'anya mabango. Kwa hiyo hujifunga kwenye miti yake kwa uzi wa nta, ule wa soli. Bango lao lina miti miwili: kaka mti huu, mdogo mti ule. Moshi wa mabomu ulinipofusha, pigo sikuliona. Lakini mafundo niliyakaza mimi, mikono yote miwili."

Mahabusu aliletwa. Inspekta alimkunja mikono ya shati. Alama zilezile, na kipande cha uzi bado kimemng'ang'ania.

"Sajini, huyu alirusha jiwe kwa meno?"

Inspekta alimkaribia sajini.

"Nani aliukata uzi wa marehemu?"

"Mimi," sajini alisema. "Alipokwisha kuanguka."

"Kwa nini umpige mtu asiyeweza hata kujikinga?"

Sajini aliinama. "Bango liliuliza nani kamuua muuza magazeti. Alifia humu rumande, mikononi mwangu. Nilitaka lishuke. Halikushuka, ndipo nikapiga."

Inspekta alimvua mkanda, akamtia pingu mwenyewe.

Mama alimvisha mwanawe aliyeachiwa lile shati, akalifunga kifungo kimoja kimoja. Nje mafundi walikuwa wamefurika barabarani, vigelegele juu. Mdogo aliushika mti wake. Mti wa kaka haukuwa na mtu.

Mama Kwanini akauendea, akanyoosha mikono. "Nani ananifunga?"

"Lete, mwanangu," mama alisema. Alikaza fundo, akakata uzi kwa meno.

Bango likapanda.