Shimo la Wimbo wa Pili

"Huu wimbo umeshausikia," Fundi alisema.

Mfamasia akamwachia kiuno, akacheka. Spika ilikuwa juu ya meza ya kukatia, tarumbeta bado zinapandiana, na wao wamesimama katikati ya vipande vya vitambaa kama watu waliogongana mlangoni.

"Nimeusikia wapi, mpenzi? Si umetoka leo?"

Sasa hapo ndipo penyewe. Hawa wawili, ambao harusi yao ilikuwa imekaribia kiasi kwamba majirani walishaanza kuulizana watavaa nini, walikuwa na sheria moja tu. Ijumaa, nyimbo mpya za dansi kutoka Kuba zinapotoka, hakuna kuzigusa peke yako. Wanasubiri Fundi afunike cherehani, Mfamasia aje kutoka dukani kwake, ndipo wanabonyeza. Wapenzi wengine wanapeana maua. Wao walipeana masikio.

Na Fundi alikuwa shabiki kwelikweli, si wa kubabaisha. Akisikia ngoma za mashine zimewekwa mahali pa mikono ya watu, anasonya hadi mteja anageuka. Vijana wa siku hizi wa Havana, alikuwa akisema, wanaimba kama wanadaiwa kodi: wamefukuza piano, wamekata viitikio, wamebakiza besi na majigambo. Lakini bendi ikimwacha mpiga piano azungushe kitu kilekile mpaka wapiga tarumbeta uvumilivu uwaishie, mwanamke yule angeweza kulia na mkasi mkononi. Albamu ya siku hiyo ilikuwa ya bendi kongwe iliyokaa kimya muda mrefu. Wimbo wa kwanza aliupa nusu ya sifa, sauti nzuri ila mwendo umebanwa. Wa pili ulimnyanyua kitini.

Wimbo huo ulikuwa na shimo. Ndivyo walivyopaita pale vyombo vyote vinaponyamaza ghafla, halafu vinarudi kwa kishindo. Shimo hulijui mpaka uliangukie. Asiyeujua wimbo mguu wake unaendelea, anajikuta anacheza na kimya, na kila Ijumaa hapo ndipo walipokuwa wakicheka mpaka washikane mabega. Leo Mfamasia hakuanguka. Alisimama sawia na vyombo, akainua mkono wa kulia, chini kidogo, kumzungusha mwenzake kwa upande wa kushoto.

Fundi ni mrefu, na yule bwana hakuwahi kumzungusha kushoto tangu wajuane. Mkono ule ulikuwa umezoea mtu mfupi. Tena mtu mfupi anayezunguka kinyume.

Akamjua. Alimfundisha kucheza yeye mwenyewe, mdogo wake wa mwisho, Kitinda, wakiwa wamesimama wakitazamana. Mtoto akaiga kama anavyojiona kwenye kioo, kulia ikawa kushoto. Kila mtu aliyecheza naye alimkanyaga, wakacheka, wakamwacha hivyohivyo. Na ni Fundi huyuhuyu aliyempigia Mfamasia magoti ampe mdogo wake kazi ya kaunta pale dukani. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea hata nukta.

"Nimebahatisha tu," Mfamasia alisema, akajifuta jasho ambalo halikuwepo.

Fundi hakubishana. Akachukua simu, akamwandikia mdogo wake kwa upole kama anayeulizia hali ya hewa: "Ule wimbo wa pili umeuonaje?"

Jibu likaja kabla hajaiweka simu mezani. "Mtamu da! Ila shimo lake nusura linivunje kiuno 😂"

Halafu likafuata lingine la kwamba ujumbe umefutwa. Umefutwa wapi, nao umeshasomwa?

Fundi akazima spika. Akamwonyesha Mfamasia simu, naye akaisoma, akaketi kwenye kiti cha wateja. Kwa muda alijaribu hadithi moja, kwamba Kitinda alifungua wimbo mchana kule stoo wakati wa chakula, yeye akapita tu kuchukua maboksi. Aliona macho ya mwenzake, akaachana nayo.

"Ni tangu lini?" Fundi aliuliza.

"Usiniulize hivyo."

"Nakuuliza hivyo."

"Kabla hatujapanga tarehe."

Fundi akashika ukingo wa meza. Alimpenda mtu huyu. Alishaanza kuhesabu watoto ambao wangefundishwa kucheza kabla ya kusema.

"Nieleze kimoja," akasema. "Kwa nini umpe Ijumaa yangu? Mwili ungempa, ningekufa mara moja. Kwa nini na nyimbo?"

Hapo Mfamasia akasema lile ambalo angeweza kulimeza.

"Kwa sababu kusikiliza na wewe ni mtihani. Kila wimbo una kesi. Piano imefanya hivi, tarumbeta zimechelewa, hawa wameuza utu wao. Mimi nimechoka kushitakiwa, na kushitakiwa na nyimbo. Yeye hajui hata bendi inaitwaje. Anacheza tu, na mimi nakuwa mtu."

Akainuka, akachukua koti lake, akaondoka bila kuomba msamaha. Pengine alijua msamaha ungemsumbua zaidi yeye mwenyewe.

Fundi akampigia mama yake. Alitaka tu mtu wa kumlilia. Alieleza yote kwa pumzi moja, mkono, shimo, ujumbe, na upande wa pili mama hakushangaa hata kidogo. Alikohoa, akamwuliza kama ameshakula.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Mwanangu, mdogo wako ana mimba."

"Nimekuuliza kama ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nasubiri uone mwenyewe, lisitoke mdomoni mwangu. Wewe una akili, una kazi yako, utapata mwingine. Yule atapata nani na tumbo lile?"

Fundi akasema basi, harusi hakuna, kesho atawaarifu watu. Mama akavuta pumzi kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kupanga kila kitu.

"Kadi zimeshasambazwa. Tumeandika harusi ya binti yetu. Hatukuandika yupi."

Ndugu msomaji, Fundi aliihamishia simu sikio la pili, kana kwamba la kwanza limemdanganya.

Mama akaendelea. Maji yamemwagika, aibu ni ya nyumba nzima. Bibi harusi akibadilika watu watasema wiki moja watanyamaza, ila mtoto asiye na baba hawanyamazi. Na lile gauni la harusi ambalo Fundi alijishonea, alisema, ni la kumpunguzia Kitinda tu. Akipelekwa kwa fundi mwingine, siri itakuwa ya mji mzima kabla ya pindo kushonwa.

"Mlete," Fundi akajibu. Mkono wa mtu mwingine haukuwa na ruhusa ya kugusa kazi yake.

Kitinda akaja kesho yake asubuhi, macho yamevimba, amejifunga mtandio mkubwa tumboni ambapo hapakuwa bado na cha kuficha. Akapanda juu ya kigoda ndani ya gauni ambalo dada yake alilikeshea shanga kwa shanga. Lilimmeza. Fundi akapiga magoti mbele yake na pini mdomoni, kama anavyompigia mteja yeyote, akaanza kukunja pindo.

"Da, nisamehe," Kitinda akasema kwa sauti ndogo. "Sikupanga. Tulianza kwa kucheza tu."

Fundi akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine.

"Sitakusamehe," akasema. "Lakini nitakupa zawadi ya harusi, maana wewe huna masikio na hakuna atakayekwambia. Yule bwana uongo wake hauko mdomoni. Siku atakapokuja nyumbani, akakwambia kuna wimbo mpya, tuusikilize pamoja, usiutazame uso wake. Mtazame miguu. Ukiona imelijua shimo, jua kuna mwenzio anayezunguka kulia."

Kitinda akaanza kulia, mabega yakamtikisika, pini moja ikachomoka.

"Simama wima," Fundi akamwambia. "Pindo litakwenda upande."